Mwanasaikolojia Pekee wa Lyrvær

Leseni ya Åshild Tverbakk ya kufanya kazi ya mwanasaikolojia ilitolewa tarehe 21 Juni 2018. Anayetilia shaka anaweza kuandika jina lake kwenye rejista ya wahudumu wa afya wa Norwei, na ataiona pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa, 1989. Rejista haisemi zaidi ya hapo. Haisemi kwamba tangu Agosti 2021 yeye ndiye mwanasaikolojia pekee wa halmashauri ya Lyrvær, yenye wakazi 912, wala kwamba kabla yake walikuwapo watatu na wote waliondoka. Wa kwanza alikaa miezi kumi na moja. Wa pili aliondoka baada ya majira ya baridi ya kwanza. Wa tatu hakuwahi hata kuleta fanicha zake.

Kufika kwenye kazi hiyo kulimchukua muda mrefu kuliko wengi. Nafasi za kusomea saikolojia ni chache na wanaozitaka ni wengi, na alama za Åshild za sekondari zilikuwa nzuri tu, hazikuwa za ajabu. Alirudia mtihani wa hisabati mara mbili na wa Kijerumani mara moja, huku akiosha vyombo kwenye nyumba ya wazee karibu na kwao Toten, ambako wazazi wake wanalima viazi. Alipopata nafasi chuo kikuu cha Tromsø alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Miaka sita usomee kusikiliza watu?" mama yake alimuuliza. "Bibi yako alisikiliza watu maisha yake yote, tena huku anakamua ng'ombe."

Miaka miwili ya mwanzo haikuwa ya kusikiliza watu. Ilikuwa ya takwimu, ubongo na mitihani. Kusikiliza kulianza mwaka wa tatu, kwenye chumba chenye viti viwili na kamera, na kila kikao kilitazamwa upya mbele ya mwalimu. Mwalimu wake aliitwa Gudleik Aune, mtu mrefu aliyekuja darasani na saa ya kupimia mbio.

"Hapa mteja amenyamaza," alisema akisimamisha picha. "Umevumilia sekunde nne, kisha ukamrukia na swali. Alikuwa anaelekea kusema jambo. Wiki ijayo nataka kumi."

Wiki iliyofuata Åshild alifikisha kumi na moja. Mpaka leo anasema hakuna alama aliyoifurahia zaidi ya ile.

Gudleik ndiye aliyewafundisha pia kanuni ya salamu. Mtu hataki dunia nzima ijue kwamba anakwenda kwa mwanasaikolojia, kwa hiyo mwanasaikolojia akikutana naye nje hamsalimu kwanza. Anamwachia mteja aamue.

"Mkikutana dukani, hamkumwona," Gudleik alisema. "Akiwasalimu, itikieni. Asipowasalimu, angalieni maziwa."

"Na kama hakuna maziwa?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Basi umeingia duka la viatu. Angalia viatu."

Alianza na wenzake thelathini na kitu. Mmoja sasa anachagua mameneja kwa niaba ya makampuni huko Oslo. Mmoja yuko jeshini, anapima akili na neva za wanaotaka kuwa marubani. Mmoja aliacha mwaka wa nne na ana duka la mikate, na katika kundi lao la simu ndiye anayetuma picha nyingi kuliko wote. Wengi wako hospitalini kwenye miji mikubwa, idara zenye wenzao kumi au ishirini, na chumba cha kahawa ambamo mtu anaweza kuingia saa sita mchana na kusema kwamba leo amechoka. Åshild alikaa miaka mitatu kwenye idara ya namna hiyo, Tromsø. Kisha akasoma tangazo la Lyrvær. Lilisema watampa nyumba na kwamba atakuwa "mwenye uhuru mkubwa katika kazi yake". Alifikiri uhuru ndio aliokuwa anautaka.

Lyrvær ina duka moja, kiwanda cha samaki, shule ya watoto sitini na mmoja, na kituo cha afya chenye korido moja. Chumba cha Åshild kiko mwisho wa korido, baada ya chumba cha mtaalamu wa tiba ya viungo. Ndiyo maana watu wengi wanaokuja kwake huchechemea kidogo wanapopita mapokezi. Wakishafunga mlango, mguu unapona.

Tromsø ina watu zaidi ya elfu sabini, na huko kanuni ya salamu haikumgharimu kitu. Lyrvær ni habari nyingine. Kufikia Pasaka ya mwaka wa kwanza alikuwa ameshawaona watu themanini na watatu. Alikaa akapiga hesabu. Akiwasalimu wasio wateja na kuwaacha wateja, mtu yeyote aliyesimama nyuma kwenye foleni ya duka anaweza kujua nani anakwenda kwake na nani haendi. Njia salama ilikuwa moja tu: asimsalimu mtu yeyote kwanza. Aliishika njia hiyo kama alivyofundishwa kushika mambo, bila kukosea hata siku moja. Alipita barabarani akiangalia barafu. Alisimama dukani akisoma viambato vya jibini ya kahawia, ambayo viambato vyake havijabadilika tangu azaliwe.

Mwezi wa Mei mkuu wake wa kazi, Halvdan Sørgård, mkuu wa afya wa halmashauri, alimwita ofisini.

"Kaa. Watu wanalalamika."

"Kuhusu kazi?"

"Kazi hawana neno. Wanasema unajisikia. Kuna mama amesimama na wewe kwenye foleni dakika nne nzima, umeangalia jibini tu."

"Siwezi kuwasalimu."

"Unaumwa koo?"

Åshild alimweleza hesabu yake yote. Halvdan alisikiliza huku anazungusha kikombe.

"Basi wasalimu wote," alisema.

"Na yule ambaye mkewe hajui kwamba anakuja kwangu? Yuko naye pale pale, anauliza, huyo umemjulia wapi?"

"Wewe bwana, kwenu Toten mnapigia hesabu mpaka salamu?"

"Nilifundishwa Tromsø."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Wakati huo watu walikuwa wameshampa jina. Walimwita Jokofu.

Halikuwa jina la chuki. Huku kaskazini mtu asiyepewa jina ndiye wa kuonewa huruma. Lakini hakuna anayealika jokofu kwenye sherehe ya kuzaliwa. Katika chama cha kufuma, alikokwenda mara moja, mazungumzo yalikatika alipoingia, na mwanamke mmoja akasema kwa utani kwamba sasa kila mtu aangalie anavyoshika sindano. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akafuma mishono ishirini, akaaga mapema.

Jumapili alikuwa akipika vikeki vya chuma cha umeme, vile vinavyotoka na umbo la mioyo mitano iliyoshikana. Alikula mioyo miwili na jamu, mitatu akaitia kwenye friza. Kisha alimpigia mama yake, wakazungumza kuhusu viazi. Kazini alisikia mambo mazito ya watu sita kwa siku, na hakuna hata moja aliloruhusiwa kutoka nalo. Nje ya kazi hakuna aliyemwambia hata kwamba leo kuna upepo. Mnamo Novemba, jua lilipoondoka kwa miezi miwili kama kawaida, alianza kusoma matangazo ya kazi ya miji ya kusini.

Jorid Mikkelborg aliingia katika maisha yake kwa kupitia ngazi. Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mjane asiye na mtoto, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameendesha gari la kusukuma theluji kwenye barabara ya mlima inayounganisha Lyrvær na mji. Upepo ukizidi, barabara hufungwa kwa kizuizi, magari hukusanyika, na Jorid huyaongoza kuvuka kwa msafara, kila dereva akifuata taa za aliye mbele yake. Gari jingine hukaa nyuma kabisa kufunga msafara. Hakuna mtu Lyrvær ambaye hajavushwa na Jorid.

Asubuhi moja alisimamisha gari lake kubwa mbele ya nyumba ya Åshild, akashuka na koleo.

"Wewe ndiye Jokofu?"

"Nadhani ni mimi."

"Ngazi zako ni aibu. Mleta barua atavunjika kiuno hapa. Au unataka wateja zaidi?"

Alizisafisha mwenyewe, kisha akaingia ndani bila kuombwa, akala mioyo mitatu iliyotoka kwenye friza, akasema ni mibaya.

"Umetia mayai mangapi?"

"Moja."

"Shoga, moja? Hii ni gundi ya karatasi. Jumatano nakuja na mayai yangu."

Akaja. Na Jumatano iliyofuata akaja tena. Majira mawili ya baridi walikula vikeki kila Jumatano saa kumi na moja jioni, na Jumamosi waliteleza kwa ski kwenye njia iliyowekewa taa nyuma ya shule, Jorid mbele, Åshild nyuma. Jorid hakuwahi kumuuliza nani anakuja ofisini kwake. Aliuliza mambo mengine.

"Hao wateja wako," alisema Jumatano moja, "umewahi kuwauliza kama wanataka salamu?"

"Kuwauliza?"

"Unao mmoja mmoja, mlango umefungwa. Waulize, wewe mwanamke. Miaka sita chuoni na hujafika hapo?"

Åshild hakuwa amefika hapo. Kwa wiki mbili aliwauliza wateja wote aliokuwa nao wakati huo, thelathini na mmoja. Ishirini na saba walisema wasalimiwe kama watu wengine. Wawili walisema hapana. Mmoja alisema asalimiwe yeye lakini mkewe asisalimiwe. Na mmoja alisema hakuwahi kuona kwamba alikuwa hasalimiwi.

Jina la Jokofu halikufutika, lakini lilianza kutamkwa mbele yake. Alialikwa kwenye sherehe mbili. Mnamo Oktoba 2023 alikwenda kuiangalia nyumba ya njano iliyokuwa inauzwa karibu na shule, na Jorid akapanda darini na tochi na kushuka na orodha ya mabovu yake.

Tarehe 9 Januari 2024 Jorid aliongoza magari tisa kuvuka mlima. Upande wa pili yalifika manane. Theluji ilikuwa inapita kwa ubavu, na gari la nyuma kabisa halikuona mahali ambapo moja lilikuwa limeteleza nje ya barabara. Dereva, mfanyabiashara kutoka kusini, alifanya jambo ambalo kila mtu huambiwa kwenye kizuizi asilifanye. Alitoka ndani ya gari kutafuta msaada. Walimkuta amekufa mita arobaini kutoka kwenye gari lake, na gari lilikuwa bado na mafuta na joto. Uchunguzi ulisema Jorid hakufanya kosa lolote.

Wiki hiyo Jorid aliomba ruhusa kwa sababu ya mgongo. Jumatano alikuja kama kawaida.

"Mgongo vipi?" Åshild aliuliza.

"Mgongo ni mgongo."

Alikula moyo mmoja. Jumatano ya pili alikula nusu. Åshild aliona mambo ambayo mtu mwingine pengine asingeyaona: kwamba Jorid alikaa akiuelekea mlango, kwamba alivihesabu vikombe mezani na kuvihesabu tena, kwamba gari lilipopita nje aligeuza kichwa na kutulia tu alipolisikia jingine nyuma yake. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Kama Jorid angekuwa mteja, Åshild angejua la kusema. Kama yeye mwenyewe angekuwa muuzaji wa dukani, pia angejua: angemshika mkono na kumuuliza ana nini. Alikaa katikati, akamimina kahawa. Kwa wiki tano alinyamaza, na hakuna aliyekuwa akimpima kwa saa.

Jorid ndiye aliyesema. Ilikuwa Jumatano tarehe 14 Februari.

"Halvdan anasema nije kwako."

"Unakuja kwangu kila Jumatano."

"Usijifanye mjinga. Anasema nije kule mwisho wa korido. Anataka karatasi kwamba niko sawa, ndipo nirudi kwenye gari." Alisukuma sahani. "Na siko sawa. Juzi nilikwenda mpaka kwenye kizuizi kwa gari langu dogo. Nilikaa saa nzima. Mikono haikutaka. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye kituo cha basi, kama mlevi."

Åshild alimweleza mambo yalivyo. Mwanasaikolojia hamtibu rafiki yake, kwa sababu anayekupenda hukuhurumia pale anapopaswa kukusukuma, na wewe unamficha rafiki mambo ambayo usingemficha daktari. Kwa hiyo angemtafutia mwingine. Wa karibu alikuwa mjini.

"Mjini ni ng'ambo ya mlima," Jorid alisema.

"Najua."

"Kwa hiyo nikitaka kutibiwa hofu ya kuvuka mlima, kwanza nivuke mlima."

"Kuna kwa njia ya video."

"Foleni?"

"Miezi saba."

Jorid alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari. "Basi ndio hivyo. Nichague nipate daktari au nipate mtu wa kula naye vikeki."

"Huchagui wewe," Åshild alisema. "Nachagua mimi."

"Chagua haraka basi. Mimi kazi nyingine siijui."

Kesho yake Åshild alimpigia Torgeir Falkanger, mwanasaikolojia bingwa aliyekuwa akimwongoza kwa simu mara moja kwa mwezi. Alimweleza bila kutaja jina.

"Kanuni inasemaje?" Torgeir aliuliza.

"Tuepuke kadiri inavyowezekana."

"Inawezekana?"

Åshild alipitia tena kichwani mlima na foleni ya miezi saba. Torgeir naye alisubiri, kwa kuwa amesomea kazi ile ile.

"Haiwezekani," Åshild alisema mwishowe.

"Una marafiki wangapi huko?"

"Huyo."

"Pole," Torgeir alisema. Kisha akasema, "Andika kwenye faili sababu zako, na unipigie kila wiki badala ya kila mwezi."

Jumatano ya tarehe 6 Machi Jorid alikuja na trei ya mayai. Åshild alikuwa ameshaandaa alichotaka kusema, na alikisema kabla chuma hakijapata moto. Angemchukua kama mteja. Faili likifunguliwa, hakutakuwa tena na Jumatano, wala ski, wala simu. Matibabu yakiisha, mambo hayatarudi mara moja kama yalivyokuwa. Itabidi ipite miaka, na hata hapo hakuweza kuahidi, kwa sababu angekuwa anajua mambo ya Jorid, huku Jorid hajui ya kwake.

"Miaka mingapi?"

"Miwili, angalau."

Jorid alivunja mayai manne kwenye bakuli, akayapiga kwa uma.

"Na huwezi kuwa daktari mbaya kidogo na rafiki mbaya kidogo? Vyote nusu nusu?"

"Nimelifikiria hilo."

"Na?"

"Hutarudi barabarani kwa nusu."

Jorid aliendelea kupiga. Maziwa yaliingia, unga ukaingia, iliki ikaingia. Alipika mpaka unga ukaisha, vikeki kumi na moja, na walikula vinne. Jorid alizungumzia paa la nyumba ya njano, kwamba upande wa bahari linahitaji mbao mpya na Åshild asikubali aambiwe vinginevyo. Åshild aliandika jina la fundi ambaye Jorid alimwamini.

Mlangoni Jorid alivaa buti taratibu.

"Wewe ni mtu mgumu, Åshild."

"Ndiyo."

"Sikusema ni vibaya." Akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. "Hao watatu waliokutangulia walikuwa laini. Waliondoka."

Åshild alisimama dirishani mpaka gari dogo likakata kona ya kiwanda. Aliosha bakuli na chuma. Vikeki saba vilivyobaki alivigawa katika mifuko na kuvitia kwenye friza, akaandika tarehe juu ya kila mfuko. Kisha akafungua kompyuta, akaandika kwenye faili jipya sababu za kumpokea mteja anayemfahamu binafsi. Sababu zilijaa ukurasa mmoja na nusu. Alizisoma tena, akafuta sentensi tatu zilizokuwa zinamhusu yeye mwenyewe, na kubakiza ukurasa mmoja.

Kikao cha kwanza ni Jumatatu tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi. Vitakuwa kumi na sita, vya dakika arobaini na tano kila kimoja. Katikati ya Aprili, ikiwa Jorid atakuwa tayari, watapanda wote wawili kwenye gari la kusukuma theluji na kwenda hadi kwenye kizuizi, na wiki itakayofuata watavuka mlima. Jorid ataendesha. Åshild atakaa kiti cha abiria, na kila baada ya kilomita mbili atamuuliza, kutoka sifuri hadi kumi, hofu yake iko ngapi, na atakuwa anaandika.